Kukwea Pipa Kutoka Dom: Siku Nne Berlin

Oya wanangu wa Dom, kuna ugonjwa umeingia kitaani. Mtu akishika mkwanja kidogo anaanza kuota majuu, na ukimuuliza anatimba wapi, anakutajia Paris, Roma, Amsterdam, Barcelona na London, zote ndani ya wiki moja. Sasa hapo unaenda kutalii au kukimbizana na mabegi kwenye vituo vya treni? Halafu hiyo London haimo hata kwenye viza ya wenzake, Uingereza wana viza yao na ada yao. Msimamo wangu ni huu: chagua mji mmoja, kaa siku nne, rudi na stori za maana. Na kwa mtoto aliyekulia kwenye vumbi la Dom, mji wenyewe ni Berlin.

Najua utaniuliza, mbona siyo Paris, mnara ule kila mtu anaujua? Ndiyo hivyo, kila mtu anaujua. Ukipiga picha pale umeongeza picha moja kwenye mamilioni. Berlin kuna mambo yanayotuhusu sisi, yamekaa hadharani, na washkaji wengi wanayapita tu kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mji wetu wenyewe ulianza kukua baada ya reli ya kati kufika hapa mwaka 1910. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, na mpunga wa kuianzisha uliidhinishwa Berlin na Reichstag, bunge la Wajerumani waliokuwa wakitutawala, kwenye jengo lilelile ambalo leo watalii wanapanga foleni kulipanda. Kwa hiyo ukisimama pale unasimama mahali ambapo watu ambao hawajawahi kuiona Dodoma walipiga kura iliyokuja kuigeuza. Hiyo stori Paris huipati.

Haya, tuje kwenye kipengele kinachokata watu stimu: makaratasi.

Kama huna pasipoti, unajaza maombi kwenye mtandao wa Uhamiaji, namba ya NIDA mkononi, na gharama yake ni laki na nusu. Kama unayo ya siku nyingi, icheki. Wazungu wanataka iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao, na ibaki na kurasa mbili tupu. Watu wamewahi kukwama kwa hizo kurasa mbili tu.

Viza yenyewe ni ya Schengen, inayokuingiza nchi 29 kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Unaiomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo wale wa miji mitano kwa wiki wanaanza kujikanganya wenyewe kwenye fomu. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, kama laki mbili na nusu za kwetu, na ukipigwa chini hairudi. Lazima uwe na bima ya safari inayobeba matibabu ya angalau euro 30,000. Ubalozi wa Ujerumani uko Dar, pale Umoja House, na mara ya kwanza ni lazima utimbe mwenyewe kutoa alama za vidole. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila wana ruhusa ya kuvuta hadi 45.

Sasa sikia. Afisa wa viza hababaishwi na suti yako wala na picha uliyopiga studio. Kichwani kwake kuna swali moja kubwa: huyu atarudi? Ule mchongo wa kuazima hela kwa washkaji, unaijaza akaunti Jumatatu na fomu unapeleka Ijumaa, wanaujua kuliko unavyoujua wewe. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa inaongea yenyewe: salio limelala kwenye elfu themanini muda wote, halafu ghafla milioni nane. Hapo umejichongea. Afadhali akaunti yenye milioni tatu au nne zilizoingia taratibu, laki leo, laki na nusu kesho kutwa, zikifanana na kazi unayosema unafanya. Kama unauza nafaka Majengo, peleka TIN na leseni ya biashara. Kama uko UDOM, barua ya chuo inayosema masomo yanaendelea tarehe fulani, pamoja na karatasi za mshua anayelipa. Kama ni mtumishi kule Mtumba, barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Una ndugu Ujerumani? Mwambie aende ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati ya kubeba gharama zako. Wanaiita Verpflichtungserklärung. Usihangaike kuitamka, mtumie tu hiyo spelingi WhatsApp.

Kuna karatasi moja ambayo watu wanaidharau, nayo ndiyo inayokubeba: barua ya maelezo ya safari. Wengi wanaandika, "Naja Ujerumani kutalii na kuona vivutio mbalimbali." Hii haina tofauti na kukaa kimya. Mwandikie hivi: nafika Alhamisi mchana, Ijumaa asubuhi niko Makumbusho ya Elimu ya Viumbe kuona mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Jumamosi natembelea mtaa wa Wedding, Jumapili kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin, Jumatatu asubuhi narudi, Alhamisi niko kazini Dodoma. Mtu akisoma hiyo anaona safari yenye kichwa na miguu. Na wewe mwenyewe ukiisoma unaona siku nne zinatosha kabisa.

Tiketi ya pipa usilipie moja kwa moja kabla viza haijatoka. Weka oda tu, wanakubali. Washkaji wamelia kwa hili.

Njia ni nyepesi siku hizi. Zamani kwenda Dar kuwahi ndege ilikuwa ni kulala njiani na basi ukiomba Mungu lisipate pancha Gairo. Tangu Agosti 2024 Rais Samia alipozindua treni ya SGR, unapanda Stesheni ya Samia Suluhu Hassan hapa Dom, daraja la kawaida elfu thelathini na moja, masaa matatu na ushee uko Dar. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja mpaka Berlin, unaunganisha Doha au Istanbul. Bei inapanda na kushuka kama nyanya za Majengo, ila andaa milioni mbili na zaidi kwa kwenda na kurudi, na kimbia Julai, Agosti na Krismasi, miezi hiyo wanakukamua. Uwanja utakaoshukia unaitwa BER. Wajerumani, watu wa kufuata saa, walipanga kuufungua Juni 2012, ukafunguliwa Oktoba 2020. Kwa hiyo siku mtu wa huko akikucheka kuhusu uwanja wetu wa Msalato, una jibu.

Majira nayo ni ishu. Baridi ya Dom ya Julai, ile ya upepo wa asubuhi unaopasua midomo, kwa Berlin ya Januari ni utani. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, unatoka makumbusho unakuta giza. Juni ni kinyume, saa tatu usiku bado kweupe, siku nne zinageuka kama sita. Mimi ningechagua Mei mwishoni au Juni. Jaketi usinunue kule, utalia. Ingia Sabasaba kwenye mitumba, chambua vizuri, utapata koti zito la elfu ishirini lenye lebo ya Kijerumani. Litakuwa linarudi kwao kusalimia.

Umeshatua. Kutoka uwanjani kuna treni mpaka stesheni kuu, ila hakikisha tiketi yako ni ya kanda A, B na C, maana uwanja uko C. Hapa wageni wengi wanaangukia pua. Kule stesheni hazina mageti, unaingia tu, unahisi ni bure. Siyo bure. Wanaokagua wanavaa kiraia, unaweza kudhani ni msela mwenzako, ghafla anatoa kitambulisho. Faini ni euro 60 na hakuna kubembeleza. Tiketi ya karatasi inatakiwa kugongwa muhuri kwenye kimashine kabla ya safari; kuwa nayo mfukoni bila muhuri ni sawa na kutokuwa nayo.

Mchana wa kwanza usijitese. Panda basi namba 100 pale Alexanderplatz, kaa ghorofa ya juu, litakupitisha kwenye majengo makubwa kwa nauli ya kawaida. Shuka Reichstag. Kuba la kioo juu ya bunge lao, alilolichora Norman Foster na likakamilika 1999, linapandwa bure, ila ni lazima ujiandikishe mapema mtandaoni na uende na pasipoti. Sisi watoto wa makao makuu tumezoea kuliona Bunge kwa kupishana na mashangingi barabarani. Kule mwananchi anatembea juu ya vichwa vya wabunge, anawaona kupitia kioo chini ya miguu yake. Wazo la kishkaji sana hilo.

Siku ya pili ndiyo moyo wa safari, na hapa usiende mbio. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yako Invalidenstraße, treni ya chini ya ardhi U6 ina kituo chenye jina lake, na Jumatatu wanafunga, usijichanganye. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza, anakusubiri mjusi mwenye urefu wa mita 13 na sentimita 27 kwenda juu. Hiyo ni zaidi ya ghorofa nne. Anaitwa Giraffatitan brancai, ni mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani, na kwao ni Tendaguru, mkoa wa Lindi. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913. Ila neno "Wajerumani walichimba" lina uongo ndani yake. Wenye majembe walikuwa mamia ya watu wa kusini, na mifupa ilisafiri kichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, msafara baada ya msafara, siku kadhaa porini kila safari, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuacha eneo hilohilo na njaa na makaburi. Msimamizi wao alikuwa mwamba anaitwa Boheti bin Amrani. Jina lake likaja kupewa dinosaria mwingine wa Tendaguru mwaka 2007, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia baadaye, sawa, lakini lipo.

Simama chini ya yule mjusi, angalia juu mpaka shingo iume. Watoto wa shule wa Kijerumani watakuwa wanakimbizana pembeni, wanajua majina ya dinosaria wote. Muulize mmoja mifupa imetoka wapi. Serikali yetu na watafiti wameshajadili sana mifupa hii irudi au ibaki, na wewe ukishaiona kwa macho utakuwa na maoni yako. Ya kwangu ninayo: mtoto wa Lindi kulazimika kulipia viza ili aione ni msala.

Ukitoka hapo, tembea kwa miguu mpaka Brunnenstraße namba 193. Usitafute sanamu. Angalia chini. Kwenye mawe ya njia ya waenda kwa miguu kuna kibamba cha njano, sentimita kumi kwa kumi hivi, kina jina la Bayume Mohamed Husen. Jamaa alizaliwa Dar mwaka 1904, akawa askari akiwa bado mtoto katika Vita ya Kwanza, na mwaka 1929 akatua Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao jeshi la Wajerumani halikuwalipa. Hawakumlipa. Akabaki, akawa mhudumu wa hoteli na baa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu zaidi ya ishirini, akaoa. Manazi wakamkamata mwaka 1941 kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko Novemba 1944. Kibamba kiliwekwa 2007. Watu wanakikanyaga wakiwahi kahawa. Ukifika, inama, kifute kwa mkono. Dakika mbili tu.

Na hata yeye hakuwa wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alikuwa anafundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, akafia hukohuko 1927. Sisi tunaojisikia wageni kule tumechelewa zaidi ya karne.

Siku ya tatu ni ya mitaa. Shuka Hermannplatz, Neukölln, mtaa wa Waturuki na Waarabu, halafu ulizia Lucy-Lameck-Straße. Mpaka 2021 ilikuwa inaitwa Wissmannstraße, jina la yule Hermann von Wissmann aliyewapiga watu wa pwani wakati wa vita vya Abushiri. Wakaazi na wanaharakati wakakomaa mpaka likang'olewa, likawekwa la Lucy Lameck, mwanamama wa Kilimanjaro aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mdogo kwenye serikali yetu. Mtaa wenyewe mfupi, wa kawaida, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo. Kibao chenye jina ndicho unachokwenda kupiga nacho picha, na nakuhakikishia hakuna mwingine kwenye simu za kitaa chenu mwenye picha hiyo.

Kisha vuka mji kwa U6 mpaka Wedding, kwenye Afrikanisches Viertel. Utakuta Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, kama mtu ameangusha ramani ya Bongo mtaani. Agosti 2024 sehemu ya Petersallee ilibadilishwa ikawa Maji-Maji-Allee. Peters wa mwanzo ni Carl Peters, yule wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Na ukipata muda wakati wa kurudi katikati ya mji, pitia Wilhelmstraße 92. Kuna kibao cha maelezo tu, kwa sababu jengo lenyewe halipo tena. Pale ndipo walipokaa wakubwa wa Ulaya kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 kupanga namna ya kugawana Afrika. Hakuna kiingilio, hakuna foleni. Wengi wanapita na baiskeli bila kugeuza shingo.

Siku ya nne ni ya vingine vya watalii, nenda tu, sikukatazi. Ukuta kwenye Bernauer Straße ni bure na wamehifadhi kipande pamoja na mnara wa walinzi. East Side Gallery ni zaidi ya kilomita moja ya ukuta uliochorwa, unatembea ukipiga pichaz. Lango la Brandenburg dakika kumi zinatosha.

Msosi: kebab ya Kituruki ndiyo chipsi mayai ya Berlin, euro saba hivi, na unashiba mpaka usiku. Wale Waislamu na Wasabato, soseji zao maarufu za currywurst mara nyingi ni nguruwe, uliza kabla ya kuuma. Maji ya bomba yanakunywika, usitupe hela kwenye chupa. Ukinunua chupa ya plastiki, senti 25 ni rehani, irudishe dukani kwenye mashine upate chako. Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, nunua mahitaji Jumamosi. Usitembee kwenye njia ya baiskeli, utatukanwa kwa lugha usiyoijua na bado utaelewa. Zawadi ya kumpelekea mwenyeji? Nyama ya mnada wa Msalato usithubutu, nyama na maziwa kutoka nje vinanyang'anywa mpakani. Mvinyo wa zabibu za Dom wanaruhusu, hadi lita nne kwa mtu mzima, na Wajerumani wanaojiona wajuzi wa mvinyo watashangaa sana kusikia zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka.

Kuhusu hela, kitanda cha hosteli ni kati ya euro 25 na 40 usiku ukiwahi kuweka oda, na euro 30 nyingine zinakuendesha siku nzima kwa usafiri, msosi na kiingilio kimoja. Ukijumlisha pipa, viza, bima na treni ya kwenda Dar, unacheza kwenye milioni nne hivi. Ni hela ndefu, sikudanganyi. Ni hela ambayo mshkaji mwingine wa Area C anaimaliza kwenye simu mpya na viwanja vya wikiendi, na mwaka unaisha hana alichoona.

Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kama unataka Juni, pasipoti iwe mkononi kabla ya Krismasi na akaunti ianze kujaa leo. Anza na NIDA, iko wilayani kwako.